Yuro 4.60 kwa saa

Hii stori ilianza kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, saa nane usiku, ule wakati wazee wote wamelala na sisi wa shifti ya usiku tunakaa jikoni na chai. Mwenzangu, jamaa mmoja Mwairishi wa makamo, mtu poa tu, ndiye huniwekea biskuti za mwisho, alikuwa anasoma habari za bajeti kwenye simu, mara akaguna akasema ati wanamwaga tena hela kufundisha vitoto vya miaka mitatu Kiairishi, lugha yenyewe ilishakufa, hiyo ni kodi yangu na yako mama. Nikamuuliza ni pesa ngapi. Akasema mamilioni. Mamilioni mangapi? Akasema we acha tu, ni mamilioni.

Sasa mimi nikanyamaza, si kwa sababu sina la kusema, ila binti yangu yuko kwenye hizo shule na jamaa hajui. Na ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sijui ni ngapi. Nimemwandikisha kwa sababu ilikuwa karibu na kituo cha basi na walikuwa na nafasi, hakuna siri nyingine. Mimi ni Mtaita, nimezaliwa Wundanyi kule Kenya, naishi Galway, magharibi mwa Ireland, na kabla ya mtoto kuanza nasari Kiairishi kwangu kilikuwa ni yale maandishi ya juu kwenye vibao vya barabarani ambayo unayaruka ukitafuta ya Kiingereza chini yake.

Lakini neno "mamilioni" lilinikera, likakaa kichwani wiki nzima. Na kwa vile miezi michache baadaye walinichagua mweka hazina wa kamati ya wazazi (nitaeleza ilivyotokea, ni aibu), nimepata kuona vitabu vya hesabu kwa macho yangu. Kwa hivyo hebu niwaeleze hela inavyotembea, maana hata Waairishi wenyewe wengi nimegundua hawajui.

Kwanza jina. Nasari ya Kiairishi huitwa naíonra, unatamka kama "niinra" hivi, usijali sana hizo herufi zao, mimi mwaka wa pili sasa na bado zinanishinda. Mtoto anaingia pale asubuhi na kila kitu kinasemwa kwa Kiairishi tangu kuvua koti mpaka kuvaa koti. Hakuna somo. Hakuna kuandika ubaoni. Wanacheza, wanaimba, wananawa mikono, wanakula, ni vile tu lugha ya kuchezea si Kiingereza. Za kwanza kwanza zilianza mwishoni mwa miaka ya 60, zikianzishwa na wazazi na akina mama wa mtaa kwenye kumbi na vyumba vya kuazima, na ukiangalia yetu leo utaona hilo la kuazima halijabadilika sana.

Sasa hela. Ireland kuna mpango wa serikali unaitwa ECCE, kila mtoto akifikisha miaka miwili na miezi minane anapewa nasari ya bure kwa miaka miwili kabla ya shule ya msingi. Bure maana yake mzazi halipi, serikali inamlipa mwenye nasari. Masaa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka. Na malipo ya kawaida, mwaka nilipoanza kushika vitabu, yalikuwa yuro 69 kwa mtoto kwa wiki. Chukua kalkuleta: 69 mara 38 ni yuro 2,622 kwa mwaka. Au gawanya kwa masaa 15 upate yuro 4.60 kwa saa. Hiyo ndiyo bei ya mtoto wangu mbele ya serikali, nne na senti sitini, hapa Galway ni kikombe cha kahawa na ukibahatika ubaki na chenji.

Na hapa ndipo yule mwenzangu wa biskuti alipopotea. Hizo 69 hazina lugha. Mtoto wa nasari ya Kiingereza ng'ambo ya barabara analipiwa 69 na mtoto wangu analipiwa 69. Leo nikimtoa naíonra nimpeleke kule, serikali haiokoi hata senti, hela inamfuata tu mtoto kama kivuli. Kwa hivyo ukitaka kujua Kiairishi kinakula kiasi gani cha kodi, hutakiwi kuhesabu hizo, unatakiwa uhesabu kilichoongezwa juu yake. Na hapo ndipo nilipoanza kutafuta kilichoongezwa, nikatafuta na nikatafuta.

Lakini kabla sijafika huko, kuna kichekesho cha historia. Huu mpango wenyewe haukuzaliwa kwa sababu serikali ilikuwa na hela za kumwaga. Ulizaliwa kwa sababu haikuwa nazo! Mwaka 2009 uchumi wa Ireland ulikuwa umeanguka vibaya, benki chali, watu wanahama nchi, na waziri wa fedha wakati huo Brian Lenihan alikuwa anakata kila kitu kinachokatika. Kulikuwa na posho walikuwa wanapewa wazazi wa watoto wadogo, kama yuro 1,000 hivi kwa mwaka kwa kila mtoto, jumla yake ilikuwa inakaribia yuro milioni 480 kwa mwaka. Akaifuta, na badala yake akaleta mwaka mmoja wa nasari bure uliokadiriwa kugharimu kama milioni 170. Yaani mpango mzuri kuliko yote waliowafanyia watoto wadogo ulikuwa ni njia ya kubana matumizi. Ukaanza Januari 2010 kwa yuro 64.50 kwa wiki, 2012 wakakata tena ikawa 62.50, baadaye ikarudishwa 64.50, na 2018 ikafika 69 na nasari ya bure ikawa miaka miwili kamili. Mwenzangu anadhani ni ukarimu, kumbe ni mshipi ulikazwa.

Haya, hicho kilichoongezwa juu. Kuna shirika linaitwa Foras na Gaeilge, lilianzishwa 1999 kutokana na mkataba wa Ijumaa Kuu, ule wa amani ya Ireland Kaskazini, linafadhiliwa na serikali mbili, ya Dublin na ya huko Kaskazini, kazi yake ni kukuza Kiairishi kisiwa kizima. Hilo linatoa pesa kwa mashirika mengine, na moja linaitwa Gaeloideachas ndilo linaloshughulika na naíonraí (huo ndio wingi wake) za nje ya Gaeltacht. Gaeltacht ni zile sehemu ambazo Kiairishi bado kinaongewa nyumbani, nyingi ziko huku magharibi, ukitoka tu mjini Galway ukafuata bahari unaingia. Huko ndani kuna shirika lao lingine, Comhar Naíonraí na Gaeltachta, tangu 2004. Haya mashirika yanaleta mshauri anayekuja kuangalia mnavyofanya, mafunzo, vitabu vya picha, ruzuku ndogo ndogo. Na 2014 hata hayo yalipigwa panga, Foras ilikuwa inafadhili mashirika 19 ikabakisha 6. Lililokuwa la naíonraí peke yake lilikuwa miongoni mwa yaliyofungwa na kazi yake ikapewa Gaeloideachas, ambayo tayari ilikuwa na kazi ya mashule.

Hiyo ndiyo nyongeza. Mimi niliyeona upande wa kupokea nawaambia, kwa mwaka ule wa kwanza nilioshika daftari, ruzuku iliyokuja kwetu kwa sababu ya Kiairishi, Kiairishi tupu, ilikuwa haitoshi hata bili ya kupasha chumba joto.

Sasa nieleze nilivyoingia kwenye kamati. Mkutano wa mwaka, jioni, mvua, wazazi tuko tisa kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwenyekiti anauliza nani atakuwa mweka hazina, kimya. Wenzangu wote wanaangalia viatu. Mimi sikujua kwamba huku ukiulizwa unaangalia viatu, nyumbani ukiulizwa na mtu mzima mbele za watu unamwangalia. Basi nikamwangalia. Nimekuwa mweka hazina toka siku hiyo.

Vitabu vyenyewe ni daftari moja la bluu na faili la kompyuta ambalo mtu wa kwanza aliliandika vibaya na kila aliyefuata akaogopa kuligusa. Ngoja niwaonyeshe wiki moja ya 2022. Tulikuwa na watoto 14. 14 mara 69 ni yuro 966. Sheria inasema mtu mzima mmoja kwa watoto 11, kwa hivyo mtoto wa 12 akija anakuja na 69 zake mkononi na nyuma yake anakokota mshahara wa mtu mzima mwingine. Tunao wawili: mwalimu mkuu yuro 15 kwa saa, msaidizi yuro 13, na hiyo 13 ndiyo ilikuwa kima cha chini kilichowekwa kisheria kwa kazi hii Septemba 2022. Masaa 20 kila mmoja ukihesabu na kuandaa chumba, hapo ni 560, ongeza mchango wa mwajiri karibia 610. Kodi ya chumba 120. Umebaki na 236 za joto, bima, rangi, karatasi, matunda, mhasibu wa mwisho wa mwaka na likizo zao. Inatosha. Inabana lakini inatosha.

Januari familia tatu zikahama kwa sababu ya nyumba, kodi za nyumba Galway hazishikiki, na mapacha wawili mama yao akapata nafasi kwingine karibu na kazini. Tumebaki na 9. Fanya hesabu: 621. Mishahara na chumba peke yake ni 730. Ukisema sheria inakuruhusu mtu mmoja kwa watoto 9, sawa, lakini mtu mmoja akipata mtoto kajisaidia kwenye suruali na mwingine kapanda meza atagawanyika vipi? Huwezi kumwacha mwanadamu peke yake na watoto 9. Kwa hivyo kila wiki tulikuwa tunazama mia na kitu. Bahati ndiyo huo mwaka serikali ilikuwa imeleta mfuko mpya unaitwa Core Funding, milioni 259 kwa nchi nzima kwa mwaka wa kwanza, kwa nasari zote za Kiingereza na Kiairishi, la sivyo mimi ningekuwa mweka hazina wa kwanza Mtaita kufunga naíonra.

Na bado sijafika kwenye gharama yenyewe. Maana kuna vitu viwili ambavyo naíonra inalipa na ile nasari ya ng'ambo hailipi.

Cha kwanza ni mtu. Kuongoza chumba cha ECCE unahitaji cheti cha ngazi ya 6 cha malezi ya watoto. Sawa, wapo wengi. Sasa ongeza na awe na Kiairishi kizuri, si cha kusomea mtihani, kile cha kumbembeleza mtoto anayelia, kumwambia mwingine atoe shanga puani, bila kusimama kutafuta neno. Ghafla unatafuta watu kwa tochi. Na wenye Kiairishi cha hivyo, wakiwa vijana na akili zao timamu, wanaenda kusomea ualimu wa shule ya msingi ambako kuna mshahara wa mwaka mzima na likizo ya kulipwa na pensheni, sisi tunampa wiki 38 halafu Juni tunamwambia tutaonana Septemba na yeye anaenda kujiandikisha kwa posho ya wasio na kazi. Mwalimu mkuu mzima. Msaidizi wetu alipoondoka tuliweka tangazo mwezi wa sita, likakaa, likakaa, mwezi wa nane nikaona limefifia na jua pale kwenye kioo cha duka, na jua la Galway mnalijua lilivyo.

Cha pili ni vifaa. Mafumbo, kadi, michezo, mabango, vingi vinavyouzwa ni vya Kiingereza. Mwalimu wetu jioni anakaa nyumbani kwake na mkasi na gundi, anachapisha neno la Kiairishi, analikata, analibandika juu ya la Kiingereza. Nimekuta boksi zima, picha za wanyama, kila mnyama ana kiraka. Wino ni wake, karatasi ni zake, masaa ni yake. Nilimwambia mwalimu lete risiti nikurudishie, akacheka akasema risiti ya nini, ya usiku wangu? Huo mstari hauko kwenye bajeti ya nchi wala kwenye daftari langu la bluu.

Sitaki mnielewe vibaya kwamba yule jamaa wa biskuti hana hoja hata moja. Anazo. Sensa ya 2022 watu 1,873,997 walisema wanajua kuongea Kiairishi, asilimia 40 ya watu, lakini wanaokiongea kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu, na sensa ya kabla yake, 2016, walikuwa 73,803. Serikali ilijiwekea mkakati wa miaka 20 toka 2010, lengo lilikuwa wafike 250,000. Sasa 2030 hiyo inabisha hodi na namba badala ya kupanda imeshuka. Mtu akikuuliza hela zimeenda wapi ana haki ya kuuliza.

Ila mimi ningemwelekeza aulize mlango wa pili. Watoto wa nchi hii wanasoma Kiairishi kama somo darasani kwa miaka zaidi ya kumi, lazima, msingi mpaka sekondari, na huko ndiko kwenye hela ndefu, walimu wa nchi nzima. Muulize mtu mzima yeyote unakumbuka nini, atakuambia sentensi moja, an bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas, naomba ruhusa niende choo. Nimewauliza wengi, kazini, kwenye basi, dereva wa teksi mmoja aliisema kama anatoa salamu ya jeshi. Miaka kumi na kitu, na kilichobaki ni choo. Binti yangu miezi mitatu naíonra alikuwa anaomba maji, anaomba koti, anamgombeza mdoli wake anawe mikono. Sasa nani anakula kodi bure hapo?

Kasoro za naíonra zipo pia na nimeziona. Mtoto akimaliza, kama hakuna shule ya msingi ya Kiairishi yenye nafasi karibu, anaenda ya Kiingereza na kufikia Krismasi kimeyeyuka. Na kule Gaeltacht kuna tatizo la kuumiza zaidi, mtafiti mmoja wa Dublin, Tina Hickey, ameliandikia miaka mingi: ukichanganya chumba kimoja watoto wanaoongea Kiairishi nyumbani na wasiokijua, wale wenye lugha ndio wanaohamia Kiingereza, maana wote Kiingereza wanakijua. Yaani unaweza kulipia nasari ya kuokoa lugha, ikatumika kuimaliza. Dawa yake ni watu wazima zaidi chumbani, vikundi vidogo, na sasa rudi kwenye hesabu yangu ya watoto 9 uone nani atamlipa huyo mtu wa ziada.

Nimekumbuka diski. Waliosoma Kenya mnaijua. Kwetu ilikuwa kipande cha mbao na uzi, kimechafuka kwa shingo za watoto miaka nenda rudi, ukikamatwa umeongea Kidawida, lugha yetu Wataita, unavishwa, unazunguka nacho mpaka umsikie mwenzako naye ameteleza umvishe yeye, jioni wa mwisho anapigwa. Mimi nilivishwa darasa la tatu kwa kusema tu "mama" kwa kilugha nilipoumwa na nyuki. Siku moja naongea na mwalimu wa naíonra nikamweleza, akaniangalia vile, akasema sisi tulikuwa na bata scóir. Karne ya 19, mtoto anavishwa kijiti shingoni kwa uzi, kila akisema Kiairishi kinachongwa alama, jioni alama zinahesabiwa na fimbo ni hesabu ile ile. Shule za serikali zilianza 1831 kwa Kiingereza, halafu ikaja njaa kuu ya 1845 mpaka 1852 ikawafagia maskini wa magharibi, ambao ndio walikuwa wenye lugha. Tukakaa pale mimi na yeye na vikombe vyetu vidogo vya plastiki, tunalinganisha mbao. Kijiti na uzi, hiyo ilikuwa bajeti nzima ya kuitoa lugha mdomoni mwa mtoto.

Na mkitaka kuona serikali isipolipa inakuwaje, angalieni Belfast, kule Ireland Kaskazini iliyo chini ya Uingereza. Huko wazazi walijenga nyumba zao pamoja barabara ya Shaw's Road mwaka 1969 ili watoto wakue na Kiairishi, 1971 wakafungua shule na watoto 9 (tisa! namba yangu ya Januari), na serikali haikuwapa kitu mpaka 1984. Miaka 13 ya kupitisha ndoo za mchango. Mimi nikiwa na bahati nasibu moja ya Krismasi ya kuuzia wazazi tiketi tayari presha inapanda.

Sasa mambo ya kazini. Kuna bibi mmoja kwetu, ametoka huko kwenye mawe ya Connemara, ndani ya Gaeltacht, mchana anaongea Kiingereza kizuri tu lakini usiku akili inapoteleza kinarudi kile cha utotoni. Wenzangu humwita msumbufu wa usiku. Siku moja analalamika kitu, nasikia "fuacht", na hilo neno nalijua, binti yangu huniambia kila asubuhi akitoka kwenye blanketi: tá fuacht orm, baridi iko juu yangu. Ndivyo wanavyosema, baridi inakukalia, njaa inakukalia, si kama Kiingereza ambako wewe ndiye "uko baridi". Mimi hilo sikuhitaji kueleweshwa, kwetu njaa inakushika na usingizi unakubeba. Nikafunga dirisha, nikaleta blanketi la pili, akalala. Jamaa wa biskuti alikuwa mlangoni ameshika kitambaa. Akaniuliza umejuaje. Nikamwambia nimefundishwa na kodi yako.

Alicheka sana. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaulizia kitu cha magendo, hiyo naíonra, wana nafasi, mjukuu wake anafikisha miaka mitatu. Nikamwambia nafasi zipo, mwalimu wa pili ndiye hayupo, tangazo liko dukani, kama unamjua mtu mwenye cheti cha malezi na Kiairishi cha kutolea shanga puani mlete hata kesho.

Nyumbani nako moto unawaka. Binti amegundua kwamba kila kitu kina majina zaidi ya moja na sasa anadai yote. Juzi kasimama dirishani, anagonga kioo: fuinneog! Nikamwambia ndiyo, na Kiswahili dirisha. Akarudia dirisha. Na ile lugha ya nyanya wa Wundanyi? Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Kidawida changu kina miaka mingi hakijafanya kazi, na hilo neno silikumbuki kama niliwahi kuwa nalo au diski ndiyo iliondoka nalo. Nikasema ngoja, nikampigia mama Wundanyi, WhatsApp, picha inakata kata, nikamuuliza mama, dirisha kwa Kidawida ni nini?

Akafikiri. Akafikiri tena. Akasema kwani nyumba ya babu yako ilikuwa na dirisha?